Nauli ya betri

Mwaka 1986 nilipangiwa kufundisha shule moja ya msingi wilayani Rufiji. Ubao wa darasa la tatu ulikuwa umechakaa hata chaki haishiki, na rangi ya ubao tuliisikia tu kwa wenzetu wa mjini. Mwalimu mkuu akanipa njia iliyokuwa ikitumika shule nyingi za vijijini: waambie watoto kesho waje na betri mbovu za redio na majani mabichi.

Walikuja nazo kwa wingi. Watoto wa miaka tisa na kumi walizipasua kwa mawe, wakabandua ganda, wakachomoa kile kijiti cheusi cha katikati, na unga wenyewe wakaumimina kwenye kinu. Wakautwanga pamoja na matembele mpaka ukawa uji mzito, kisha wakaupaka ubaoni kwa viganja vyao. Ubao ukatoka mweusi tii. Kinu tulikiazima kwa mama wa jirani, na jioni kilirudi kwake kutwanga mpunga wa chakula cha usiku.

Kila nikisikia mtu akisema wananchi hawajali taka, nakikumbuka kinu kile. Hatukuwa watu wasiojali. Betri ikiisha nguvu tuliianika juani, tukaing'ata ubavuni, ikatusomea taarifa ya habari siku mbili zaidi. Ikifa kabisa iligeuka rangi ya ubao. Hakuna aliyetuambia kwamba betri za enzi zile zilitiwa zebaki kidogo ili zinki ya ganda isiliwe upesi, wala kwamba ule unga mweusi ni manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Watoto wale leo ni watu wa makamo. Nawaombea afya.

Nilistaafu 2019. Tarehe 1 Juni mwaka huo ndipo mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, na wakati huo nilikuwa nimeshakaa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, zaidi ya miaka ishirini. Mifuko iliondoka mitaroni kweli, lakini chupa za maji zilibaki. Akina mama kumi na wanne wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tukaona tusiwe tunakutana kuhesabu hisa tu. Tukanunua mizani ya kuning'iniza, tukapata banda la mabati nyuma ya duka la mwenzetu, tukaanza kukusanya chupa na maboksi na kumuuzia mnunuzi wa Tegeta. Hatukutajirika. Bei ya kilo inapanda na kushuka bila kutuuliza, lakini kila mwezi kulikuwa na kitu cha kuandika daftarini.

Katika kukaa na chupa zile nikaliona jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri maisha yangu yote. Mtaani kwetu kitu chenye bei hakilali nje. Chuma chakavu huondoka kabla ya adhana ya alfajiri, waya wa shaba hauonekani kabisa, na chupa, ikifika saa mbili asubuhi, zimeshaokotwa. Asubuhi jalalani hubaki vile visivyo na mnunuzi: betri za tochi na rimoti, taa za enaji seva zilizoungua, vikopo vya dawa ya mende, vidonge vilivyopitwa na muda, rangi iliyogandia kwenye debe, sindano. Havina bei, kwa hiyo havina mwenyewe. Na sumu yote ya nyumba imo humo.

Mwanzoni mwa 2021 alikuja bandani kijana mmoja muokota makopo, kidole cha shahada amekifunga kwa kipande cha kanga. Akaniamkia, "Shikamoo bibi," halafu akasema kwa upole, kama mtu anayeogopa kuudhi, "Kwenye ule mfuko wa kijani kuna sindano."

Mfuko wa kijani ulikuwa wa nyumbani kwangu. Mume wangu ana kisukari, hujichoma insulini mara mbili kwa siku, na sindano zake tulikuwa tunazitupa pamoja na maganda ya viazi. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza zinaishia kwa nani. Zilikuwa zinaishia kwenye vidole vya kijana wa miaka kumi na saba. Nilimpeleka kituo cha afya mchana ule ule, kwa sababu dawa za kinga ya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Akapewa za siku 28. Ilibidi nimfuatilie asiache katikati, maana zilimletea kichefuchefu na alitaka kuzitupa. Alizimaliza, na vipimo vikatoka salama. Siku nilipoyasikia majibu yake nilikaa kwenye benchi la kituo nikalia. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nilichoomba kilikuwa kidogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, watu wako nje na mafagio. Siku hiyo tuweke meza mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, watu walete zile taka za hatari za ndani, tuzipokee kila aina na ndoo yake. Mwenyekiti akasema ni jambo jema ila liende kwenye mkutano.

Mkutanoni akasimama mzee mmoja wa siku nyingi hapa. Alisema maneno machache. "Mwalimu, sisi hapa tulikwenda mahakamani kuondoa taka. Leo unazirudisha kwa ndoo?"

Asiyekijua Kunduchi Mtongani hawezi kulielewa swali lile. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa dampo lililokuwa linawafukizia moshi na harufu, na wakashinda. Jiji likatafuta pa kumwaga, likaleta malori huku kwetu. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 749 wakaenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ikaamuru umwagaji ule usitishwe. Baadaye taka za Dar es Salaam zikahamia Vingunguti, zikaenda Mtoni, na sasa zinapelekwa Pugu Kinyamwezi, upande wa pili kabisa wa jiji. Wazee wetu wanaihesabu kesi ile kama watu wa mahali pengine wanavyohesabu vita waliyoshinda.

Nilimjibu mzee kwa maneno mengi. Nikaeleza sindano, nikaeleza zebaki, nikaeleza watoto. Watu wakapiga makofi na meza ikapitishwa. Lakini mzee alikuwa ameuliza jambo moja tu, zikishafika hapa zinaondoka lini na zinakwenda wapi, na mimi sikuwa na jibu hilo. Makofi yakanifanya nisahau kwamba sina.

Jumamosi ya kwanza ilitushinda kwa wingi. Tuliandaa ndoo sita zenye mifuniko, tukidhani mbili zitabaki tupu, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunaazima za nyumbani. Mama mmoja alileta betri za tochi alizozitunza kwenye mfuko wa unga tangu mwanawe wa kwanza yuko shule ya msingi. Nilipomuuliza kwa nini hakuzitupa akasema, "Nilijua hazifai kutupwa, sikujua pa kuzipeleka." Maneno hayo niliyasikia siku ile mara kumi au zaidi, kwa namna mbalimbali. Kuna aliyeleta kopo la bati la dawa ya kuua wadudu, jina limeliwa na kutu, wamelirithi pamoja na nyumba. Kuna aliyeleta chupa ya soda yenye maji ya manjano ambayo hakuna mtu nyumbani kwao aliyekumbuka ni nini, na ilikuwa imekaa kabatini, rafu moja na mafuta ya kula. Ziliingia simu zilizokufa, tyubulaiti, kipimajoto cha zebaki kilichofungwa kwenye soksi. Tulipiga picha. Tulifurahi sana.

Jumatatu likaja gari la kampuni inayozoa taka za mtaa. Vijana wake wakachukua ndoo ya kwanza wakataka kuimwaga juu ya taka nyingine zote. Nikawazuia. Mmoja akaniambia, "Mama, taka ni taka." Sikuweza kumlaumu, maana gari lake lina tumbo moja na njia yake inaishia dampo moja. Kumpa ndoo zile ilikuwa ni kuichukua hatari iliyokuwa imetawanyika kwenye kabati mia mbili na kuipeleka yote pamoja kwa waokotaji wa Pugu. Nikasema ziachwe.

Zikaja kwenye stoo yangu.

Zilikaa miezi saba. Niliandika barua, nikapiga simu, nikapanda daladala kwenda ofisi hii na ile, na kila mahali nilipokewa vizuri na kuelekezwa kwingine. Wakati huohuo watu hawakuacha kuleta. Nilikuwa nikifungua geti asubuhi nakuta mfuko umening'inizwa. Masika yakaingia, bati la stoo likavuja, betri za tochi zikaanza kutoa machozi, yale maji meupe yanayoganda kama chumvi na kuunguza ngozi. Nikawakataza wajukuu kupita upande ule wa nyumba, na nyumba yenyewe ni ndogo.

Usiku mmoja wa Mei mume wangu aliniamsha: kuna harufu ya plastiki inayoungua. Betri moja ya simu ndani ya ndoo, kati ya nyingi tulizozimimina ovyo kama maharage, ilikuwa imegusana na chuma, ikapata moto, ikavimba na kupasuka, na za jirani yake zilikuwa zinafoka moshi. Tuliitoa ndoo nje kwa fimbo ya kufagilia utando, tukaimwagia mchanga wa ujenzi uliokuwa barazani. Hakuna aliyeumia. Tulikaa nje mpaka kunakucha, mimi nimeziba mdomo kwa upande wa kanga, mume wangu ananiangalia bila kusema lile alilokuwa na haki ya kusema.

Kipande kimoja cha selotepu kwenye ncha za kila betri kingetosha kuzuia yote yale. Leo hatupokei betri ya simu isiyobandikwa, na iliyovimba hukaa peke yake kwenye kopo la mchanga. Lakini wakati ule tulisimamisha kila kitu. Tukabandika tangazo ofisini kwamba meza imefungwa hadi hapo mtakapoarifiwa, na tangazo likakaa zaidi ya mwaka.

Katika mwaka huo ndipo nahodha mmoja wa pwani yetu alipokuja nyumbani na betri ya gari mabegani, ile aliyokuwa anaitumia kwa taa za kuvulia usiku. Akaniuliza kama tunapokea. Nikamwambia tumesimama, nahodha, samahani sana. Akasema haidhuru, akaondoka nayo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumpa pole mkewe kwa msiba wa kwao. Nikapita uani. Chini ya mwarobaini kulikuwa na jiko la mkaa, na juu yake sufuria isiyo na masikio. Ndani ya sufuria risasi, ile metali ya ndani ya betri, ilikuwa imeyeyuka, inang'aa kama maziwa mabichi yaliyotiwa fedha, na juu yake umetanda utando wa kijivu ambao nahodha alikuwa anauengua kwa kijiko na kuukung'uta pembeni. Betri ilikuwa imepasuliwa kwa shoka, tindikali yake imemwagwa shinani mwa mti. Mchangani alikuwa amechimba vishimo vya ukubwa wa kidole gumba, safu mbili, anavijaza kimoja kimoja kwa kikombe chenye mkono mrefu. Chubwi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia wavu. Mjukuu wake wa kike, miaka minne au mitano hivi, alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na jiko, anapepea mkaa kwa kifuniko cha ndoo, na kila akipepea vumbi la ule utando linampanda usoni.

Nikasema, "Nahodha, mtoe mtoto hapo. Mtoe sasa hivi."

Akamtoa, kwa heshima yangu. Kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu ameyeyusha risasi maisha yake yote na amekufa mzee."

Sikubishana naye kuhusu baba yake. Nilimweleza kile ninachokijua. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, ambazo jiko la mkaa linazifikia bila taabu. Ndiyo maana kazi hiyo inawezekana uani kwa mtu yeyote, na ndiyo maana ni mbaya. Vumbi halina harufu wala halimkohoshi mtu siku ile ile. Hutua mchangani, kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye vidole. Mtoto mdogo anayelamba vidole hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni, na inakwenda kwenye ubongo ambao ndio kwanza unajengwa. Mzee kama baba yake aliweza kubeba. Mjukuu hawezi, na hasara yake itaonekana darasani, ambako mwalimu atamwita mzito.

Nikamsimulia Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi humo, mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Alipigania mtaa ule miaka mingi, akakamatwa, akatishwa, kiwanda kikafungwa 2014, naye 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ile baada ya kutenguliwa katikati. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, mtaa wa pwani kama wetu, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, kwa risasi ya betri iliyochanganyika na mchanga wa uani.

Nahodha alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali la pili gumu nililowahi kuulizwa katika jambo hili, baada ya lile la mzee: "Sasa Mwalimu, siku ile nilipokuletea, ulitaka niipeleke wapi?"

Niliporudi nyumbani sikula. Kesho yake niliitisha kikundi.

Safari hii tulianza kwa swali la mzee. Kabla ya kurudisha meza tulimtafuta wa kupokea kila kitu kitakachowekwa juu yake, na kisichokuwa na mpokeaji tukaamua hatutakiita. Ilituchukua miezi mitano. Kituo cha afya kilikubali sindano na dawa zilizopitwa na muda, kwa barua ya serikali ya mtaa, kwa sharti sindano ziwe kwenye dumu gumu la plastiki lililozibwa. Ya mafuta ya kula yanafaa sana. Betri za gari tukampata mnunuzi anayezichukua nzima, hazipasuliwi mtaani wala tindikali haimwagwi, na mwenye betri analipwa papo hapo. Zilizobaki, betri ndogo, taa, dawa za wadudu, tukapata msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi, maana kwa sheria ya mazingira ya 2004 na kanuni zake mtu hawezi kuzipakia tu kwenye kirikuu akaondoka nazo. Huyu analipwa. Kwa kilo, na kwa safari.

Hapo ndipo tulipogombana. Taka isiyo na bei inaondoka kwa gharama, na gharama hiyo haikuwa na mtu. Ada ya taka ya kila nyumba inaishia kwenye gari la kawaida. Nikapendekeza katika kila shilingi kumi za chupa na maboksi tutenge tatu, ziwe nauli ya betri. Wenzangu wengine wakaona nawanyang'anya. Mmoja ana watoto wanne shuleni na mume asiye na kazi, na shilingi tatu katika kumi kwake ni daftari na sabuni. Alisema ukweli wake na mimi sikuwa na cha kumpunguzia uzito. Tulipiga kura, tisa kwa tano. Wawili walijitoa kikundini, mmoja akarudi baadaye. Bado naamini tuliamua sawasawa, ila sijawahi kusema kwamba iliamuliwa bure.

Tangu katikati ya 2023 meza inakaa kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya mwisho, saa moja hadi saa sita. Gari la msafirishaji huja Jumatatu inayofuata. Likikosa safari, hatutangazi meza nyingine mpaka lije. Stoo yangu sasa ina mahindi.

Mambo mengi tumejifunza kwa mkono. Tyubulaiti na enaji seva tunataka zije kwenye boksi lake au zimeviringwa gazeti, kwa sababu ndani zina zebaki, kidogo, lakini ya kuvuta puani. Ikivunjika ndani, fungua madirisha, toa watoto, subiri robo saa, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu na umalizie vumbi kwa selotepu. Ufagio unaitawanya. Vibetri vile bapa vya saa na vya midoli tunavipokea kama tunavyopokea sindano, maana mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, ndani ya saa mbili kinaweza kuunguza koo vibaya, na baadaye hata kulitoboa. Mzazi asingoje asubuhi. Dawa ya mende na kunguni inayouzwa barabarani kwenye chupa za maji zisizo na karatasi tunaichukua bila kuuliza umeinunua kwa nani, maana tukianza kuuliza haitaletwa. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda nayaona kila mara, na kila mara nasema yale yale: mtoto akiyanywa usimtapishe, yakirudi yanaingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Oili chafu imetushinda. Mafundi wa bodaboda wanaiuza kwa maseremala, wao wanaipaka mbao kuzuia mchwa, na bei yake inatushinda sisi wenye maneno matupu. Sijakata tamaa nayo.

Mzee wa kesi huja kila meza inapokaa. Hajawahi kuleta kitu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ndoo, na Jumatatu anarudi kushuhudia gari likipakia. Likiisha kuondoka ananiuliza, "Kimebaki nini?" Namwonyesha ndoo tupu. Anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake.

Nahodha alichelewa kuja. Chubwi zake zilikuwa bado zipo, na chubwi za dukani ni ghali. Sasa baadhi ya wavuvi wanatumia vijiwe vilivyotobolewa, kama walivyofanya babu zao. Betri yake ya pili ya taa aliileta nzima mwaka jana, akalipwa, akasaini daftarini kwa herufi kubwa.

Meza iliyopita alifika saa sita kasoro, tumeshaanza kufunga mifuniko. Alikuwa na kitu kwenye kiroba, amekizungushia kamba mara nyingi. Akakiweka mezani taratibu, akaniamkia, akauliza, "Mwalimu, na hili mnalipokea?"

Nikafungua kidogo. Ilikuwa ile sufuria isiyo na masikio, na ndani yake kijiko, kikombe chenye mkono mrefu na kifuniko cha ndoo. Daftari letu halikuwa na mahali pa kitu kama hicho. Nikageuza ukurasa, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika tarehe, na chini yake: sufuria moja ya risasi, na vyombo vyake.